Makopo Mawili ya Unga na Kiinitete Kimoja

Mshauri wetu, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la ngano stoo, maana nyumbani siwezi kushika kalamu mtu asiulize naandika nini. Mimi ni mwoka mikate, mume wangu ni fundi wa mafriji, tuna miaka tisa ya ndoa, na mara tatu nimepandikizwa mimba kliniki na mara tatu haikushika, sasa tumebakiwa na kiinitete kimoja tu, yai lililokwisha kurutubishwa, kwenye barafu ya kliniki, ambacho mume wangu hukiita "mpangaji wetu" na husema kinachomuuma ni kwamba hawamruhusu kuikagua hiyo friji. Baada ya mara ya kwanza mama mkwe aliniletea unga wa mizizi, kijiko kimoja kwenye maji ya moto, akanionya nisimwambie mtu, na wiki haikuisha mama yangu mzazi naye akaleta wake kwa masharti yaleyale, nikaona nikiukataa wa huyu nimemdharau na nikiukataa wa yule nimemtupa, nikawa nakunywa yote, mmoja asubuhi mwingine jioni, na fomu ya kliniki ilipouliza kama natumia dawa nyingine nikaandika hapana, na iliyofuata nayo hapana. Mwezi uliopita nilikuwa napanga kabati nikayaweka makopo pamoja, nikaona mfuniko ni uleule wa bluu, karatasi ileile, muuzaji yuleyule, kumbe nakunywa dozi mbili za kitu kimoja. Walipovuna mayai mara ya mwisho nilitokwa damu kuliko kawaida, daktari akaniuliza, "Kuna kitu unatumia hujaniambia?" nikasema hakuna. Zimebaki siku kumi na mbili tupandikize hicho cha mwisho, kliniki wametupa orodha ya nyongeza, kukwaruza ukuta wa mfuko wa uzazi, dripu ya mafuta, na mume wangu anasema tuweke vyote tusije tukajilaumu, wifi naye ana mtu wake wa kuchoma sindano nyembamba za mgongoni, zile za Kichina zisizo na dawa. Nifuate lipi, na nikimwambia daktari ukweli sasa hivi, hatanifukuza?

JIBU

Dada mwoka mikate, pole. Mara tatu si mchezo, na bado unaamka kukanda unga wa watu.

Hatakufukuza. Mambo haya huyasikia kila wiki. Kama unga ndio ulioharibu, mimi sijui, wewe hujui, na yeye hawezi kujua kwa sababu ulimnyima habari. Kuunywa uliunywa kwa heshima ya wazazi. Lile "hapana" uliliandika peke yako.

Acha unga leo. Piga simu kliniki leo pia, usingoje siku yenyewe, maana kuna mizizi inayochezea damu na homoni, na daktari akitaka kusogeza tarehe anahitaji nafasi. Mpangaji wenu hana haraka. Wenye haraka ni nyinyi.

Kuhusu nyongeza, mkate ukigoma kuumuka hubadilishi hamira, maji, ngano na moto siku moja. Hata ukiumuka, hujui umeumuliwa na nini. Kila kilicho kwenye ile orodha kiulizie: kimeongeza watoto waliozaliwa, kwa wanawake wenye hali kama yangu? Kina madhara gani? Tukikiacha tunakosa nini? Ukijibiwa kwamba wengi hukipenda, hujajibiwa. Mwambie mumeo kwamba friji haiponi kwa kufungwa kila kipuri kilichopo dukani. Anayeanza na vipuri kabla ya kujua ubovu, yeye mwenyewe asingempa kazi.

Sindano za wifi huenda zikakutuliza, na utulivu unauhitaji. Kwamba huleta mtoto, ushahidi ni hafifu. Daktari akikubali, nenda, bora sindano ziwe mpya.

Wamama hawa wawili wanakupenda, lakini wamekugeuza kabati la siri zao. Mumeo azungumze na mama yake, wewe na wako, siku moja, maneno yaleyale: "Tumeacha, daktari anajua." Watanuna. Kununa kutaisha.

Mimba nayo huenda isishike, hata ukifanya yote haya. Ila safari hii ukiulizwa ulikuwa unatumia nini, utakuwa na jibu la kweli.

Usiyatupe makopo. Yatie kwenye mfuko, yote mawili na vifuniko vyake vya bluu, uyaweke mezani kwa daktari kabla hujavuta kiti.