Majani Yaliyotazama Chini

Dada Konsesa, fundi wangu,

Jumapili iliyopita niliangalia filamu mpya na sikuwa na mtu wa kuisema naye. Ni ya Wanaijeria, aina ile uliyoipenda, ya mama mkwe mchawi. Mke wa mtoto wake anawekewa sumu kwenye mchuzi, anakufa, anazikwa, na siku ya tatu anatoka kaburini kuja kudai haki yake. Banda zima limenyamaza, akina mama wameshika vifua. Mimi naangalia gauni. Dada, mzimu ametoka chini ya udongo na gauni jeupe lililopigwa pasi, mstari wa mkono umesimama wima, hata doa hakuna. Nikageuka upande wako nikuulize huko chini mkaa wa pasi ameutoa wapi. Mahali pako alikuwa amekaa mzee mmoja na jembe lake. Nikageuza macho mbele.

Banda lenyewe ungelishangaa. Zamani tulisukumana mlangoni na vikombe vyetu vya mahindi vya kiingilio, na yule mtafsiri alipaza sauti kuliko waigizaji. Sasa tunaingia bure na kukaa tunapotaka. Mtafsiri amerudi kwao Muyinga, filamu inaongea Kiingereza chake peke yake na kila mtu anaelewa anavyoweza. Sokoni hapa kambini Lukole vibanda vingi vimebomolewa, watu wamekwenda na miti yao na mabati yao. Kibaraza chetu bado kipo. Nashona peke yangu.

Nimeanza na filamu kwa sababu naogopa kuanza na jambo lenyewe. Wifi yako Domitila alivuka mpaka mwezi wa nne, akamleta Yolanda kwangu na begi moja, akaniambia ulivyokufa. Tangu siku hiyo binti yako anakaa nyumbani kwangu. Kila asubuhi ananiamkia, shikamoo mama mdogo, naitika marahaba huku nimeinamia cherehani. Anaamini hapa Ngara hakuna aliyekupenda kuliko mimi. Lipo jambo sijamwambia, na wewe pia sikukwambia ulipokuwa hai. Nalitoa kwako kwanza kwa sababu wewe sitaona sura yako ikibadilika. Ndiyo, ni woga. Unanijua.

Nilikujia nikiwa mama wa watoto watatu, na cherehani niliyoachiwa na mama mkwe, nisiyojua hata kuiwekea uzi. Kijijini kwetu walinicheka, Mhangaza, mwenyeji mwenye shamba lake, anakwenda kufundishwa na mkimbizi. Wewe hukuuliza kitu. Ulinipa koti la mtumba kutoka robota la Biharamulo, koti la watu wa barafu, zito kama godoro, ukasema, "Rifungue rote, Mama Edita. Usikate kitu kabra hujajua ariyeshona arikuwa anafikiri nini." Nilikaa siku mbili nafumua. Tulipata kaptura mbili za shule na mkoba, na ndani ya lile koti tukakuta mifuko ya uongo. Mdomo wa mfuko upo, umeshonwa vizuri na kifungo juu, mfuko wenyewe hakuna. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya ile suruali yenye zipu magotini, ambayo mtu anaweza kuivua nusu akabaki na kaptura? Wewe ulisema ni ya mtu anayevuka mito. Mimi nikasema ni ya mvivu wa kufua, anafua nusu leo na nusu kesho. Na zile sponji za mabegani tulizokuwa tunazitoa kwenye makoti ya kike, akina mama wakazigombania kufanyia ngata za kubebea ndoo. Wazungu wanaziweka begani bila mzigo, sisi tukaziweka kichwani chini ya mzigo. Nikaona sisi ndio wenye akili. Hata makopo ya mafuta ya msaada yaliyoandikwa ubavuni kwamba hayauzwi, yanayouzwa mezani kila siku ya soko, wewe ndiye uliyenifanya niyaone. Nilikuwa nayapita tu.

Kwenye filamu ilikuwa hivyo hivyo. Wenzetu walihesabu waliokufa, sisi tuliangalia vifungo. Shujaa anapigana na watu arobaini kwenye matope, anatoka na suruali nyeupe. Mhindi na mchumba wake wanaimba wimbo mmoja, sari zimebadilika mara nne, na sanduku hatujaliona. Watu wakatukemea, mafundi nyamazeni. Mwanzoni nilikuwa nakufuatisha tu, nacheka ukicheka. Baadaye nikaanza kuona mwenyewe, na ilinipa raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye migomba.

Sasa nafika.

Miaka mitatu niliitwa mwanafunzi wa Konsesa. Hata watu wa kijijini kwetu, waliokuwa wananicheka, walikuja na vitambaa vyao, wakanikuta nimekaa kwenye cherehani, wakasalimia na kukaa kwenye benchi kukungoja wewe. Umekwenda msalani, wanangoja. Umekwenda kwenye mgao wa chakula, wanangoja mpaka saa nane. Mke wa shemeji yangu mwenyewe alinikabidhi kitenge na kuniambia, "Mpe Konsesa, wewe usikiguse." Niliuma meno nikakupa. Hukuwa na kosa, ila kila siku nilikuonea wivu kidogo, na kidogo kidogo ukawa mwingi.

Ndipo wakaja watu wa shirika la wakimbizi na filamu ya kuwaita mrudi nyumbani. Waliionyesha mchana ndani ya hanga la mgao, madirisha yamezibwa kwa maturubai, shuka jeupe limetundikwa mbele. Wewe ulikuwa na sare za shule za watu na siku zilikuwa zimebana. Ulisema, "Wewe nenda, Mama Edita, uniangarizie hiyo firamu. Jicho rako sasa ni sawa na rangu." Miaka mitatu nilikuwa nangoja neno hilo. Lilipokuja sikujua nilifanyie nini.

Nikaenda. Nikaona milima yenu, inafanana na yetu. Nikaona ng'ombe, nikaona watu wanaezeka bati, wanalima, wanacheka. Watu wa kwenu walilia ndani ya lile hanga, mzee mmoja alitaja kwa sauti jina la mlima wake, maana kwenu mlima ndio kijiji. Halafu akatokea mama amesimama mbele ya nyumba mpya, anasema amepokelewa vizuri, hana shida. Alivaa gauni la kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Fundi aliyelikata alikosea. Mkono wa kulia majani yanatazama juu, mkono wa kushoto alisahau kugeuza kitambaa, majani yanatazama chini. Nilicheka moyoni. Nikajiambia, hili nitampelekea Konsesa.

Ikaonyeshwa tarafa nyingine. Mama mwingine, mrefu, mwenye mtoto mgongoni, naye anasema hana shida. Gauni la bluu, majani ya njano, mkono wa kushoto yanatazama chini. Kisha mlima wa tatu, bibi mzee, gauni limemning'inia mabegani, na mkono wa kushoto ni ule ule.

Wewe unajua maana yake, na mimi nilijua pale pale. Hata sisi hapa mtu akienda kupigwa picha anaazima gauni la jirani. Nimeazima, umeazima, hakuna aibu. Tunaazima siku tunayotaka kuonekana tofauti na tulivyo. Akina mama watatu wa milima mitatu wanasema wana kila kitu, na gauni ni moja.

Nilirudi kibarazani. Ulikuwa umeinama unatia vifungo, hukuinua kichwa. Ulisema, "Basi? Umeionaje?"

Nilikuwa na njia ndefu kutoka hangani, nilipata nafasi ya kufikiri. Nilifikiri benchi lile bila wewe. Nilifikiri mke wa shemeji yangu akinipa kitenge akisema, nishonee. Sikufikiri mvua, wala Yolanda. Nikasema, "Ni nzuri. Watu wamevaa vizuri."

Ukaitikia kwa lugha ya kwenu, "Ego." Ukakata uzi kwa meno. Baada ya siku chache ukajiandikisha kurudi.

Najua wengi walirudi bila kuniuliza mimi. Najua mgao ulikuwa umepungua, na ulikuwa umechoka kuishi kwa kadi ya mgao. Yolanda mwenyewe alikuwa anakuuliza kwenu kukoje kwa sababu hakukumbuka. Huenda ungerudi hata ningekwambia yote. Nimejishika kwenye huenda hiyo miezi mingi na hainishiki. Maana ningekwambia, ungebeba maturubai mawili badala ya moja. Ungemtuma Domitila atangulie akaangalie nyumba. Ungengoja mvua zipite, mwanamke mwangalifu kama wewe, aliyefumua koti zima kabla ya kukata. Ulikwenda bila kufumua kwa sababu mimi nilikwambia nimeshafumua.

Siku ya malori uliniachia mkasi wako mkubwa. Uliuzungushia kitambaa ukanipa mikononi, ukasema sasa wewe ni fundi. Nililia sana, na watu walinihurumia. Nilikuwa nalia kweli, dada, naomba uamini hilo. Nilitaka uende na nilitaka usiende.

Wiki ile ile mke wa shemeji yangu alikuja na kitenge. Nilimshonea, akasema umepatia. Nilifurahi siku mbili tatu, halafu malori yakaendelea kuja, na wateja wakaondoka nayo mmoja mmoja, mpaka benchi likabaki tupu. Sasa ndiye mimi fundi wa Lukole, na Lukole hakuna watu.

Domitila aliponisimulia sikumkatiza. Nyumba haikuwa na paa. Shamba lilikuwa limelimwa na wengine, nao walikuwa na karatasi zao. Mlilala chini ya turubai moja, nyinyi watatu, mvua za masika zikianza. Kifua kikakubana. Siku ya sita wakakubeba kwa machela kukupeleka zahanati, ukafia njiani, kabla ya mto. Alisema mpaka siku ya mwisho ulikuwa unasumbuka kwamba Yolanda analala upande unaovuja.

Yolanda haongei sana. Ana mikono yako, anashika sindano kama wewe, kidole cha mwisho kimenyanyuka. Juzi tulikuwa tunachambua mtumba, tukakuta soksi zenye vidole, kila kidole na nyumba yake, kama glavu ya mguu. Alicheka, mara ya kwanza tangu aje. Halafu akaacha, akaniuliza huku ameziangalia zile soksi, "Mama mdogo, mama arisema wewe uriiona ire firamu. Uriionaje?"

Nilimwambia aende akalete maji. Ndoo ilikuwa imejaa, naye aliiona, akaichukua akaenda. Tangu hapo hajauliza tena, na mimi silali vizuri.

Sasa nimalizie alilosema Domitila, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Alilisema kama kichekesho cha njiani, hakujua ananipa nini. Alisema siku ya pili tu mlipofika, kabla hujaugua, mlikwenda kuomba moto kwa majirani wa mlima unaofuata, mkamkuta mama amevaa gauni la bluu la majani ya njano. Ulilishika mkono wa kushoto ukacheka, ukamwambia fundi wako alikuwa amelala. Yule mama akajisifu kwamba gauni hilo limepigwa filamu, tena akawaazima wenzake wawili wapigiwe nalo. Domitila anasema uliuachia ule mkono polepole. Mkatembea mpaka karibu na nyumbani, ndipo ukasema, "Mama Edita hawezi kukosa kuona kitu hiki." Mkatembea tena. Ukasema, "Rabda siku ire arikaa nyuma." Hukunitaja tena kwa hilo.

Ulikuwa umesimama kwenye nyumba isiyo na paa, na bado ulikuwa unanitafutia kisingizio.

Dada Konsesa, nakuahidi hivi. Jumamosi nitafunga mapema, nitamkalisha Yolanda kwenye benchi, nitamwambia yote, na wivu wangu pia nitautaja kwa jina lake. Akitaka kwenda kwa Domitila, nitampeleka mwenyewe na nitambebea begi. Akitaka kukaa, nitamfundisha kazi mpaka wateja wanipite mimi wamngoje yeye, na nitanyamaza. Nenda salama. Mungu akupe mahali pasipovuja.

Ila wewe usinitetee tena huko uliko. Hilo la kukaa nyuma si kweli. Niliwahi kufika, nikakaa mstari wa kwanza.

Mwanafunzi wako,
Mama Edita