Unyayo wa Tembo Chini ya Karai

Jumamosi, kijijini kwetu, Bunda. Wingu zito limetanda upande wa ziwa tangu asubuhi, nami sina raha nalo.

Nilikuja jana kutoka Musoma kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Serikali imeleta kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao na tembo, na leo mwenyekiti alisoma majina. Mama yangu hakusomwa. Tembo walimaliza mtama wake wote, ule wa kula hadi mwakani, halafu jina lake halipo. Iliniuma sana. Nikanyoosha mkono.

Sikutaka ugomvi. Nilitaka kujua tu waliopata walipimwa kwa kitu gani. Kuuliza nimezaliwa nako, nyumbani wananiita Mama Kwanini.

Bwana shamba alijibu mbele ya wote. Alipofika kwa Mama alikuta shamba safi, matuta mapya, marando ya viazi yameshashika. Hasara angeiona wapi?

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa uchungu.

Maana ni kweli. Asubuhi ile baada ya tembo, majirani walikuja na majembe bila kuitwa, kama tunavyofanya kwa mtu aliyefikwa na msiba. Waling'oa mabua yote yaliyovunjika, wakalima, wakapanda viazi. Tulifuta ushahidi kwa wema wetu wenyewe.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakusubiri watu wa ofisi. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Shamba haliachwagi wazi kama kidonda. Watu wangesemaje?"

Majirani walisimama wakamtolea ushahidi. Bwana shamba akakubali kurudi Jumatatu, ila lazima aone alama ya tembo, hata moja. Ndipo Mama akasema ipo. Karibu na banda la kuku tembo mmoja alikanyaga tope, likakauka vilevile. Hakuufukia unyayo ule kwa sababu vifaranga wananywea maji humo.

Lakini bado najiuliza. Sharti hili la alama lilitangazwa lini? Mbona tumelijua baada ya majina kusomwa? Jumatatu nitaomba masharti yote yabandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, pale tunaposomaga matangazo ya chanjo ya ng'ombe. Wakikataa, nitauliza tena.

Sasa radi inanguruma. Mama, ambaye mchana alisema hahangaiki na pesa za serikali, ametoka na karai lake la kufulia, lile asilomwazima mtu, akafunika unyayo na kuweka jiwe juu. Vifaranga wamelizunguka, wanashangaa.

Marando yanahitaji mvua, tena leo. Najua vizuri.

Mtoto wa mkulima gani anakaa kibarazani akimwomba Mungu mvua isinyeshe?