Mlango Unaoinuliwa kwa Goti

4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili tu, roho inatokota.

Jana nilitoka kununua vioo vya simu. Kurudi, nakuta duka limepinduliwa juu chini. Skrubu zangu sakafuni, droo nje, na hata chumba changu cha nyuma wamekipekua, nguo zangu za ndani zimetupwa kitandani kama mtumba. Kinyozi wa jirani anasema ni askari wa kituo chenu. Alipowauliza hati ya upekuzi iko wapi, wakamjibu, "Nyoa vichwa, baba."

Eti wanatafuta simu za wizi! Meza imejaa simu, wameziacha zote, wakachukua moja: ya yule mwalimu wa chekechea, mke wa mkuu wako wa kituo. Siku aliyoileta ulikuwa hapa hapa dukani, unakula chakula changu. Ulimsikia akisema ndani mna picha za uso wake alivyoumizwa na mumewe, na anazihitaji kwa kesi. Simu iko wapi?

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo.

Pole kwa usumbufu. Huku hatujambo, wifi yako anakusalimu.

Ila punguza mdomo. Kupekua ni kazi yetu ya kila siku, na mtu asiye na lake jambo haogopi kupekuliwa. Mimi siku hiyo nilikuwa lindo benki, habari za simu sizijui. Ya mke na mume waachie wenyewe. Wewe ni fundi, tengeneza simu.

Mdogo wako

11 Machi

Marahaba. Wifi msalimie, hana kosa.

Lindo benki? Nenda huko! Kufuli la mbele halijaguswa. Waliingia kwa nyuma, na mlango wa nyuma haujavunjwa. Unaujua ule mlango: uuinue kwa goti ndipo usukume, la sivyo utasukuma mpaka uote mvi. Mama alitufundisha sisi wawili tu, na mama yuko kaburini. Haya, nani aliuinua?

Na kama asiye na jambo haogopi, basi nije nimwage kabati la mkeo uani, majirani wakitazama. Utacheka?

Kesi ni Jumatatu ijayo. Bila zile picha, yule mama atarudishwa kwenye nyumba ileile. Rudisha simu.

Dada yako

15 Machi

Shikamoo dada.

Haya, nilikuwepo. Umefurahi? Mkubwa akisema twende, askari hajibu kwamba pale ni kwa dada yake. Niliuinua mlango ili wasiuvunje, na hata asante sipati!

Simu hiyo utapewa na mleta barua hii. Yaishe sasa. Ukifungua mdomo mahakamani nitafukuzwa, na wanangu ni wako pia. Umenibeba mgongoni, dada. Usinitupe.

Mdogo wako

19 Machi

Kwako,

Afya sikuulizi.

Simu ilifika, nyeupe pee. Mmefuta kila kitu. Nimehangaika nayo mpaka macho yakauma, hamna kitu.

Jana mwalimu alisimama mbele ya hakimu mikono mitupu, mumewe anatabasamu. Nikaomba kusema. Nikaeleza picha nilizoziona nikiitengeneza ile simu, na ilivyochukuliwa bila hati, na mlango unavyoinuliwa. Hakimu akauliza nani mwingine anajua kuuinua. Nikamjibu: mdogo wangu. Nilijisikia vibaya kulisema neno hilo, na nililisema.

Barua yako sikuitoa. Uliniandikia mimi, na mimi si askari wa kupekua maneno ya watu.

Mume amekatazwa kumsogelea mkewe mpaka Ijumaa. Siku hiyo utaitwa wewe, ule kiapo. Ukiulizwa nani aliinua mlango, mdomo ni wako.

Mlango wenyewe seremala ameshautengeneza. Ukija, piga hodi mbele, usubiri kama wageni wengine.

Shikamoo yako nimeisoma. Nitaiitikia Ijumaa, au sitaiitikia tena.

Fundi simu