Aliyeng'oa Minyaa Lazima Apone

Baba yangu uliyelala Buhinyuza,

Mdogo wako yuko kwangu hapa Magarama, kwenye kitanda ulichokuwa unalalia ukija Gitega kwa daktari. Kila asubuhi nampelekea vidonge vyake vya moyo na maji ya uvuguvugu, na kila asubuhi natamani kumvunja shingo. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ungenielewa, halafu ungenikemea.

Unakumbuka tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania? Hata mizigo ilikuwa haijashushwa yote ukasema, "Twende tukapande minyaa, mpaka wa shamba usisubiri." Ulikata vijiti, ukaviacha vikauke pale vilipokatwa, kisha tukavipanda. Nilipotaka kujipangusa jasho ulinishika mikono yote miwili. "Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni unapofuka. Hiyo biolojia yako utaisoma kwa pua?" Baba Mdogo alisimama upande wake akitutazama. Yeye hakukimbia vita. Miaka yote tuliyokuwa kambini alilima shamba zima, na moyoni mwake likawa lake.

Halafu ile asubuhi. Tulimkuta anaing'oa minyaa, mmoja baada ya mwingine, anaitupa njiani. Ulimwendea mikono mitupu. "Mdogo wangu, umeamkaje?" ukamwambia. Nisamehe, Baba, lakini ulikuwa mjinga. Mtu anang'oa mpaka wako, nawe unamjulia hali!

"Mi nilibaki, we ulikimbia," alisema. "Hii shamba iko yangu. Donc toka."

Akageuza jembe, akakupiga kwa mpini kifuani. Nilisikia mfupa. Ulianguka chali juu ya minyaa, naye akakupiga tena ukiwa chini, kisha akakupiga teke la mbavu, damu ikakutoka mdomoni ikachanganyika na yale maziwa meupe shingoni. Nilimrukia. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja chumvi, na sikuliachia mpaka majirani waliponipiga fimbo za mgongo. Lile sikio mpaka leo lina pengo. Nikimpelekea dawa huwa nalitazama, na linanipa raha.

Hukukaa sana ukaanza kuhema, miguu ikavimba. Daktari alisema sehemu ya nyama ya moyo imekufa, mahali pake pamekuwa kovu, na kovu halisukumi damu. Nilimuuliza kama ni lile pigo. Hakukubali kusema ndiyo, wala hakusema hapana. Ulikufa nikiwa nimekushika kifua, kinapanda na kushuka vibaya, kisha kikakataa kupanda.

Tungekwenda kwa wenye sheria, lakini unajua desturi ya kilima chetu. Aliyeng'oa mpaka ndiye anayeurudisha, kwa mkono wake mwenyewe, majirani wakitazama. Akipanda mwingine, ni vijiti tu. Baba Mdogo alikataa, akakataa tena, mpaka moyo wake nao ulipomwangusha shambani. Watoto wake wakamtoa Buhinyuza, wakamleta kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ndugu aliye karibu na hospitali. Nilimpokea mlangoni nikiwa nimekunja ngumi. Akifa hajapanda, watoto wake watasema mpaka haukuwahi kuwepo. Kwa hiyo nilitaka apone, Baba, kwa chuki nilitaka apone.

Nikaanza kusoma kila nilichopata kuhusu moyo. Nimekuwa nikifundisha wanafunzi habari za seli shina, zile ambazo hazijachagua kazi mwilini, lakini hili sikulijua. Watafiti waliziingiza kwenye mioyo ya wanyama iliyojeruhiwa, wakitumaini zitageuka nyama mpya. Nyingi zilikufa mapema. Hata hivyo baadhi ya mioyo ilipata nafuu. Sasa wanaona kwamba huenda kazi inafanywa na yale zinayoyatoa kabla ya kufa: protini, na vifuko vidogo mno vinavyobeba ujumbe. Hayo yanapoza uvimbe, yanaamsha mishipa mipya ya damu, yanazizuia seli zilizoumia zisife. Wengine wanayakusanya hayo majimaji peke yake, bila seli. Ni kama wale mama wa jirani tulipokuzika. Walipika, wakafagia, wakamwambia Mama ainuke, wakaenda zao, na nyumba ikasimama.

Nilimweleza Baba Mdogo akiwa anakunywa uji.

"Bon, hiyo dawa itafika hapa Gitega lini?"

"Bado wanaijaribu. Kovu la zamani ni gumu. Labda usiikute."

Alilamba kijiko, akakiweka chini. "Basi kama siikuti, tunaenda Buhinyuza. Mi nitachimba mashimo ya minyaa na huu moyo mbovu."

Daktari angenifukuza, lakini tulikwenda. Majirani walikuja wakasimama njiani. Alichimba shimo moja, la pili likamshinda. Akapiga magoti, midomo imekuwa ya kijivu, akanisogezea jembe. Lilikuwa jembe lile lile. Akafungua vifungo vya shati.

"Piga hapa. Mi nilipiga, na we piga. Tumalize."

Nililiinua. Sikudanganyi, Baba, sikulenga ardhi. Kisha nikakiona kifua chake kinapanda na kushuka vibaya, kama chako. Jembe likatua kando ya goti lake, udongo ukamrukia usoni. Nikachimba. Nilichimba mstari wote nikimtukana na kulia, naye akatambaa nyuma yangu akichomeka vijiti vya minyaa kimoja kimoja. Maziwa yalimjaa vidoleni. Jasho likamwingia machoni, akainua mkono ajipanguse, nami nikatupa jembe nikamshika mikono yote miwili.

Majirani wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema mpaka haujarudi kwa kuwa mashimo ni yangu, na wapo wanaosema vijiti ni vyake. Minyaa imeshachipua, haikungoja wamalize.

Sijamsamehe, usije ukadhani. Ila sasa hivi ananiita kutoka chumbani, saa ya vidonge imefika. Acha niende nikampe kabla maji hayajapoa.

Ulale salama kwenye upande wako wa mpaka.

Mwanao wa kwanza