Benedikti na matairi ya ndege

Jumanne, 14 Mei 1957

Wivu huu bado haujanitoka. Benedikti, tuliyekaa naye dawati moja shuleni, amefadhiliwa kwenda Uingereza kufanya utafiti wa shahada ya udaktari wa falsafa juu ya matairi ya ndege. Mimi ni karani wa mpunga hapa Ifakara.

Leo alikuja kuaga. Mama alimwonyesha katambuga zake, zilizokatwa kwenye tairi la lori.

"Hayo ya ndege yakichakaa, mwanangu, niletee. Nikiyavaa nitaruka mto hadi Malinyi."

Tulicheka. Kisha Benedikti akamwambia, "Mama, ndege ilipotua hapa tukiwa shuleni, mwanao ndiye aliyeuliza kwa nini tairi halipasuki. Swali hilo ndilo linalonipeleka."

Ni kweli, niliuliza mimi. Angelisahau, ningemchukia kwa raha. Sasa hata raha hiyo amenipokonya, na kesho nimeahidi kumbebea sanduku.