Kafi Lako Sasa Linatapika

Yaya Mariamu, dada yangu mukubwa,

Leo nimevuka muto Lualaba kwa mustari mumoja ulionyooka. Nakuandikia kabla sijaoga, matope iko bado miguuni.

Unanijua. Ulipotuacha, mutumbwi wako ulibaki kwangu mimi, mwenye kelele nyingi na mikono mizito. Na mama alikuwa na hamu moja tu: avuke ng'ambo, afike kwenye kaburi lako. Tangu arobaini hajafika. Mitumbwi ya watu wengine hataki, anataka kuja na wako. Lakini mimi nikiwa ndiye naupiga kafi? Alisema afadhali aogelee. Mama yetu huyu, anayeogopa hata maji ya beseni.

Alikuwa na haki. Nikipiga kafi kuume, mutumbwi unakwenda kushoto. Nikihamia kushoto, unarudi kuume. Wamama wa soko la Nyangwe walisimama kunicheka: "Muoneni Zuhura, anashona nguo!" Niliwajibu walete kitambaa. Lakini nilikuwa nalia, Yaya. Nilikuhitaji sana.

Maneno yako nilikuwa nayo yote. "Kula maji, Zuhura. Sasa tapika." Kula nilijua: kuvuta kafi lije nyuma. Kutapika nilijua pia: kulisukuma nje, mbali na mutumbwi. Kumbe kila nikimaliza kula nilinyanyua kafi, nikapumua, ndipo nikaliingiza tena nitapike. Hapo mukondo umeshanizungusha, naangalia nilikotoka. Wewe ulisema maneno mawili, basi mimi nikadhani ni kazi mbili. Ungenipiga kofi, halafu ungecheka mpaka ukae chini.

Juzi nilikuwa narudi na mihogo, nikaingia kwenye maji makali karibu na fungu la muchanga. Niliogopa mpaka nikasahau kunyanyua kafi. Mukono ulijigeuza wenyewe, kidole gumba kikatazama chini, nikala na kutapika kwa pigo moja. Mutumbwi ukanyooka. Nilicheka peke yangu katikati ya muto kama mwenda wazimu. Toka hapo nachanganya: nakula, natapika kidogo, na nikikaribia kando ya muto navuta maji ya ubavuni, mutumbwi unasogea pole pole mpaka kwenye matope.

Leo nilipofika hivyo, mama alikuwa amesimama pale pale. Sijui aliniangalia tangu wapi. Hakunisifu, wewe unamujua. Alivua viatu, akapanda, akakaa mbele akinipa mugongo, akaniambia nimuzungushe kidogo aone. Nilimupeleka mpaka katikati na kumurudisha. Aliposhuka aliniuliza kama Ijumaa niko na kazi.

Basi Ijumaa tunakuja, Yaya. Mama ameshaanika kitenge chake cha Idi, kile alichokataa kuvaa tangu ulipofariki. Pumzika salama. Nakuahidi kitafika kwako kikavu.

Mudogo wako,
Zuhura