Kanga niliyokutupia mbele ya majirani

Zakaria mdogo wangu,

Hujambo na goti lako? Jua la huku Marekani linachoma kama pasi ya mkaa. Mwanangu Neema ndiye anayeniandikia, na nimemkataza kupunguza neno.

Jana alinipeleka Bladensburg, jirani na kwake, Wamarekani walikopigana na Waingereza zamani sana. Mama mmoja Mweusi anayetembeza wageni, Kiswahili kajifunza ukubwani, akatueleza kwamba wanajeshi wao wengi walitimua mbio, na Waingereza wakaingia kuchoma mji mkuu. Nikacheka kwa sauti.

"Waoga hao," nikamwambia.

Hakukasirika. "Bibi, wengi walikuwa wakulima waliopewa bunduki juzi tu. Wewe ungesimama?"

Nilikukumbuka ulivyorudi kutoka vita vya Kagera, kijana wa miaka kumi na tisa, huna viatu, unatetemeka. Nami dada yako nikakutupia kanga, nikasema vaa, we si mwanamume. Kila harusi tangu hapo nimelirudia hilo ili watu wacheke. Hata siku moja sikukuuliza uliona nini kule.

Neema ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia andika.

Nimekukosea, mdogo wangu, na naona aibu hata kuomba msamaha kwa kikaratasi kama hiki. Nikirudi nitakupikia ndizi na maharage, nikae chini, unieleze ukitaka. Usipotaka, tutakula tu.

Mungu akulinde, mtoto wa mama yangu.

Dada yako, Mama Neema